Paul Crutzen na Elimu ya Moshi

Majani ya pori yanapochomwa wakati wa kiangazi, moshi unapanda, jua linakuwa jekundu, na kesho yake hakuna anayeufikiri tena. Lakini moshi huo unakwenda wapi, nao unafanya nini huko juu? Mtu aliyelitafuta jibu kwa bidii kuliko wengi ni Mholanzi mmoja, Paul Crutzen.

Alizaliwa Amsterdam mwaka wa 1933, mwana wa watu wadogo: baba alihudumia wageni mezani, mama alifanya kazi jikoni mwa hospitali. Wakati wa vita, katika baridi ya 1944-1945, njaa iliingia mjini, na watoto kadha wa masomo yake wakafa. Siku za mtihani mkubwa alishikwa na homa, asipate alama za kulipiwa universite. Basi akasomea ujenzi, akaingia kazi ya madaraja ya mji. Mwaka wa 1958 alioa mke wa Kifini, wakahamia Uswedi. Huko aliona gazetini kwamba Universite ya Stockholm, upande wa elimu ya hali ya anga, ilitaka mtu wa kuandikia ordinateri, ndizo mashine za kuhesabu. Kazi hiyo hakuijua hata kidogo. Aliomba, akapewa, na pembeni ya kazi alifuata masomo mpaka akawa daktari wa elimu.

Mwaka wa 1970 alionyesha kwamba oksidi za azoti, hata zikiwa kidogo mno, zinaharibu ozoni ya juu inayotukinga na miali mikali ya jua. Hazimalizwi na kazi yao: zikiisha kuvunja ozoni, zinarudi kuvunja nyingine. Kwa ajili hiyo alipata zawadi ya Nobel mwaka wa 1995, pamoja na Mario Molina na Sherwood Rowland. Hayo yameandikwa sana.

Mimi naona kazi yake ya moshi inatugusa sisi zaidi. Mwaka wa 1978, alipokaa Boulder huko Marekani, msitu uliwaka katika milima ya karibu. Yeye na wenzake wakaenda kukusanya hewa ya moshi ule. Mwaka uliofuata waliandika kwamba moto wa misitu na nyika unatoa oksidi ya kaboni nyingi, kiasi cha kulinganishwa na ile ya viwanda na motokari. Wakaenda kupima Brazil pia. Gasi hizo zikipigwa na jua zinazaa ozoni chini, nayo ozoni ya chini ni sumu kwa mapafu na kwa mazao. Zaidi ya nusu ya ardhi inayoungua duniani kila mwaka ni ya Afrika. Lakini tusiwahukumu upesi walimaji wetu: kaboni ya majani inarudi kwa sehemu kubwa mvua ikinyesha na majani yakiota, ile ya makaa ya mawe na petroli hairudi hivyo.

Mwaka wa 1982, pamoja na John Birks, aliandika juu ya vita vya mabomu ya atomiki. Miji na misitu ikiwaka, masizi yangefunika jua wiki nyingi, na mavuno yangekufa hata katika nchi zisizopigana. Msomaji wa Katanga anajua kwamba sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe. Jambo hili si la mbali.

Mwaka wa 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulirusha juu mamilioni ya tani za gasi ya kiberiti. Matone membamba yaliyotokea yalirudisha sehemu ya mwanga wa jua, dunia ikapoa karibu nusu digrii. Mwaka wa 2006 Crutzen aliandika kwamba, watu wakikataa kupunguza gasi za viwanda, yafaa kuchunguza kama mtu aweza kufanya vile kwa kusudi. Wenzake wengi walikasirika. Yeye mwenyewe alisema afadhali jambo hilo lisihitajike kamwe. Nafikiri walioogopa walikuwa na haki. Mvua zetu zikihama kwa ajili ya kazi iliyofanywa na nchi nyingine, tutamshtaki nani?

Tangu 1996 alikuwa mmoja wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi. Mwaka wa 2011 aliongoza na wengine ripoti yake juu ya barafu ya milima inayoyeyuka. Humo walitaka masizi yapunguzwe upesi, kwa maana yanadumu hewani siku chache tu, na faida ingeonekana mapema. Alikufa tarehe 28 Januari 2021, mwenye miaka 87.