Fundi wa Kabureta ni Mrithi wa Baiskeli

Kabureta inayovuja haina siri nyingi. Ndani ya bakuli lake mna boya linaloelea juu ya petroli. Mafuta yakipanda, boya husukuma sindano ikaziba tundu la kuingilia. Takataka ikikwama kwenye kiti cha sindano, au sindano ikilika, au boya likitoboka na kujaa mafuta, tundu halizibi tena na petroli humwagika nje. Utaratibu huo ni mmoja katika pikipiki inayobeba abiria Burumba, mjini Busia, na katika Ferguson TE20, trekta lililoundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956. Ufanano huo huwafanya wengi waamini kwamba ufundi wa injini katika mji kama huu ulishuka kutoka karakana za mashamba ya wazungu. Historia ya mpaka wa Kenya na Uganda inaelekeza kwingine: fundi wa kabureta wa miji ya mpakani ya Busia na Malaba ni mrithi wa baiskeli.

Tuanze na trekta lenyewe. Wakati wa ukoloni matrekta yalikuwa hasa mali ya walowezi, kama wale wa Trans Nzoia na Uasin Gishu. Upande wa Busia, pamba ya Samia na Nambale ilikuwa zao la mkulima mdogo, mwenye jembe la mkono au plau ya ng'ombe. Isitoshe, kabureta haikudumu sana kwenye matrekta. Ferguson ilitoa modeli ya dizeli mwaka 1951, na dizeli, isiyotumia kabureta, ndiyo iliyokuja kutawala mashamba. Kufikia uhuru mwaka 1963, trekta la petroli lilikuwa tayari mashine ya kizamani. Ni vigumu basi kuona jinsi lingekuwa chuo cha mafundi wa mpakani.

Baiskeli, kwa upande wake, ilikuwa kila mahali. Katika miaka ya 1960 na 1970 wasafiri wa Busia na Malaba walihitaji kuvuka nafasi iliyo kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda, ambapo magari ya abiria hayakupita bila makaratasi mengi. Vijana wakafunga viti vya sponji nyuma ya baiskeli na kuwavusha watu na mizigo yao. Hapo ndipo boda boda ilipozaliwa. Chombo kinachobeba abiria kutwa hakikosi kuharibika, na mwenye nacho hawezi kukilaza bila kupoteza riziki ya siku. Ndiyo maana popote palipokuwa na stendi palihitajika fundi wa kuziba pancha, kunyoosha rimu na kukubali malipo madogo madogo.

Atatokea wa kupinga: baiskeli haina kabureta, itamfundishaje mtu kuitengeneza? Jibu ni kwamba kabureta yenyewe haichukui muda mrefu kujifunza. Mwanagenzi huonyeshwa namna ya kutikisa boya asikie kama lina mafuta ndani, kupuliza jeti, na kukagua ncha ya sindano kama imelika. Kinachochukua miaka ni mteja anayekuamini na desturi ya kutengeneza kabla ya kununua kipya, na hayo baiskeli ilikuwa imeshayajenga. Wengine watasema kazi hii ilianza mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250. Ni kweli hatua hiyo iliongeza pikipiki za India na China kwa kasi. Lakini sheria ya kodi haiundi stendi wala fundi. Huko mpakani pikipiki ilivikuta vyote viwili, ikachukua nafasi ya baiskeli.

Hoja hii ina uzito leo, kwa sababu pikipiki zinazosukuma petroli kwa pampu ya umeme, na zile za betri, zimeshaingia sokoni, nazo hazina bakuli, boya wala sindano. Kabureta itatoweka kama ilivyotoweka kwenye matrekta. Serikali ya kaunti na vyuo vya ufundi wakitaka kuwasaidia mafundi wa Burumba, wawapelekee mafunzo ya umeme na vifaa vya kupimia papo hapo stendini, maana ndipo ufundi huu ulipokulia.