Raia wa Marekani na Vita vya Majirani Zao

Wako watu wasemao kwamba mambo ya nchi na nchi ni kazi ya wakubwa peke yao. Mkulima, mwalimu au mama wa nyumbani aweza kusema juu ya kisima na barabara ya mtaa wake, lakini katika urafiki na uadui wa serikali yake na nchi za jirani hana neno. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo wasemavyo. Basi yafaa tutazame habari moja iliyotukia kweli, tuone kama usemi huo wasimama.

Kusini ya Marekani, ng'ambo ya Mexico, ziko nchi ndogo za Amerika ya Kati. Katika mojawapo, El Salvador, vita vya wenyewe kwa wenyewe viliendelea tangu mwaka 1980 hata 1992, na waliokufa wakisiwa kuwa 75,000. Serikali ya Marekani iliwapa wakuu wa El Salvador fedha na silaha, maana ilichelea ukomunisti usije ukaenea karibu na mipaka yake. Tarehe 17 Februari 1980, Askofu Mkuu Óscar Romero wa San Salvador alimwandikia barua Rais Jimmy Carter, akamsihi asipeleke msaada huo wa kijeshi, kwa kuwa ungezidisha dhuluma juu ya watu wake. Msaada haukuzuiliwa. Tarehe 24 Machi mwaka ule ule, Askofu alipokuwa akisoma Misa, alipigwa risasi akafa.

Maelfu wakaikimbia nchi, wengine wakipita jangwa la Arizona kwa miguu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1980 ilisema kwamba mtu akimbiaye mateso apewe hifadhi. Lakini mwaka 1984, katika kila watu 100 wa El Salvador walioiomba, hawakufika 3 walioipata. Sababu si ngumu kuiona. Kukiri kwamba watu hao waliteswa na serikali yao kulikuwa ni kukiri kwamba rafiki wa Marekani ni mtesaji, na sheria nyingine ilikataza kumpa silaha serikali mtesaji. Hivyo mlango wa mkimbizi na ghala ya silaha vilifungwa kwa kamba moja. Aliyeugusa mmoja aliutikisa na wa pili.

Walioigusa kamba hiyo hawakuwa watu wa cheo. Jim Corbett alikuwa mfugaji, mmoja wa Wakristo waitwao Quaker. John Fife alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la Southside mjini Tucson. Tarehe 24 Machi 1982, miaka miwili kamili baada ya kifo cha Romero, kanisa hilo lilitangaza mbele ya watu wote kwamba litawapokea wakimbizi hao na kuwaficha. Mamia ya makanisa na masinagogi yakafuata. Serikali ikapeleka wapelelezi katika mikutano yao, wenye mashine za kunasa sauti, kisha ikawashtaki mwaka 1985. Hakimu hakuwaruhusu kueleza mbele ya baraza habari za vita vilivyowakimbiza wageni wao. Watu 8 kati ya 11 walionekana na hatia tarehe 1 Mei 1986, wala hata mmoja hakutiwa gerezani. Na yale yaliyokatazwa kusemwa barazani yalisomwa magazetini katika nchi nzima.

Wengine walishughulika na Nicaragua, ambako Marekani iliwapa silaha waasi walioitwa Contra. Tangu mwaka 1983 raia wa Marekani walikwenda kwa zamu kukaa katika vijiji vya mpakani, wakaona makaburi mapya kwa macho yao, wakarudi kuwaeleza jirani zao na wajumbe wao wa Kongresi. Makumi ya maelfu wakatia sahihi ahadi ya kupinga hadharani, hata kwa kukamatwa, kama majeshi ya nchi yao yangeivamia Nicaragua. Hayakuivamia. Tarehe 3 Februari 1988 Baraza la Wawakilishi lilikataa kuwapa Contra fedha zaidi: kura 219 dhidi ya 211.

Hatusemi kwamba kazi hiyo yote ni ya raia hao. Marais watano wa Amerika ya Kati walipatana wenyewe mwezi wa Agosti 1987, wakiongozwa na Óscar Arias wa Costa Rica. Tena aibu ya silaha zilizouzwa kwa siri kwa Iran, ambazo fedha zake zilipelekwa kwa Contra, iliwaonya wajumbe wengi. Wala serikali ya Nicaragua haikuwa haina lawama, maana iliwahamisha Wamiskito kwa nguvu na kufunga magazeti. Lakini kura nane zatosha kutuonyesha kwamba kila barua ilikuwa na uzito wake.

Tazameni pia habari ya Joe Moakley, mjumbe wa Boston. Mwaka 1983 watu wachache wa mtaa mmoja wa jimbo lake walimwendea kumwomba awatetee watu wa El Salvador wasirudishwe kwao kuuawa. Yeye hakuwa mjuzi wa mambo ya nchi za nje; aliwasikiliza tu, akaanza kuuliza. Tarehe 16 Novemba 1989 askari wa El Salvador waliwaua mapadre sita Wajesuiti, na mpishi wao, na binti yake. Moakley ndiye aliyewekwa kuongoza uchunguzi wa Kongresi, naye akafichua kwamba hatia iliwafikia wakubwa wa jeshi. Mwaka 1990 Kongresi ilikata nusu ya msaada wa kijeshi, na mwaka ule ule ikawapa wakimbizi wa El Salvador ruhusa ya kukaa kwa muda. Mapatano ya amani yalitiwa sahihi tarehe 16 Januari 1992.

Miaka kumi na miwili ni mingi, na waliokufa hawakurudi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mwenye njaa hasubiri kibaba kijae. Ndiyo maana wale wa Tucson walifanya yote mawili pamoja: waliiandikia serikali, na papo hapo walimfungulia mlango aliyebisha hodi usiku ule.