Hewa Ilikuwa Tupu, Masikio Ndiyo Yalikosekana

Kiwanja cha Buzuruga kikikaa miaka miwili bila msingi kitazua maneno. Jirani atapanda mchicha. Dalali atapita kuulizia mwenyewe ni nani. Mwaka wa tatu mjumbe ataitwa, na pengine kesi itafika baraza la kata. Sisi watu wa mjini tunajua uchungu wa kiwanja kinachokaa bure huku wengine hawana pa kulala. Lakini juu ya mapaa ya Buzuruga hiyohiyo, hewani, kulikuwa na kiwanja kikubwa kuliko vyote, kilichokaa miaka zaidi ya thelathini bila jengo, na vijiweni hakuna aliyekipigia kelele. Kiwanja hicho ni masafa ya televisheni.

Ndugu msomaji, usikimbie. Habari hii si ya mafundi peke yao. Ina meli ndani yake, na ina makaburi.

Kwanza tuelewane. Redio, televisheni, simu ya mkononi, simu ya upepo ya polisi na ya nahodha, vyote hupita katika hewa hiyo moja. Ili visigongane, kila kimoja hukatiwa sehemu yake. Televisheni ilikatiwa sehemu nono. Katika UHF pekee, kuanzia megahezi 470 hadi 862, zilipangwa chaneli 49, kila moja ikiwa na upana wa megahezi 8. Simu ya upepo ya askari, ile ya kusemea tu, inatosheka na kilohezi 12.5. Chukua karatasi upige hesabu: chaneli moja ya televisheni ina nafasi ya njia 640 za mazungumzo. Yaani stesheni moja ya tamthilia inalalia kitanda ambacho wangelala polisi, zimamoto, magari ya wagonjwa na manahodha wa mkoa mzima, na nafasi ikabaki.

Sasa njoo kwetu. Kenya ilianza kuonyesha televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963. Zanzibar ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Bara tukakaa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni ni anasa ya wachache, wakati walio wengi hawajapata maji wala zahanati. Kwa mkulima redio ilitosha. Unaweza kukubali au kukataa, lakini hoja ilikuwepo. Mwaka 1993 sheria ya utangazaji ikatungwa, na mwaka 1994 vituo vya kwanza vya Bara, ITV, DTV na CTN, vikaanza Dar es Salaam.

Miaka yote hiyo si kwamba hewa haikuwa na mwenyewe. Mataifa yalikutana Geneva mwaka 1963, na tena mwaka 1989, yakagawana masafa ya televisheni ya Afrika nchi kwa nchi. Kwa hiyo kiwanja kilikuwa na hati, ila hakikuwa na nyumba. Na hakuna aliyesema: jamani, wakati tunasubiri picha, tuwape nafasi hii watu wa kuokoa maisha.

Asubuhi ya Jumanne, 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo ilipinduka ikiwa imeshakaribia Mwanza, upande wa Bwiru. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Hesabu ya serikali ya waliokufa ilikuwa 894. Hebu zisome tena namba hizo: waliokufa ni zaidi ya mara mbili ya walioruhusiwa kupanda. Meli ikiwa imepinduka, bado inaelea, tobo lilikatwa ili kuwatoa waliokuwa hai ndani. Hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, ikazama. Wengi wa marehemu walizikwa Igoma, mbele ya Buzuruga kwa barabara ileile ya Musoma. Ukipanda daladala za huko unapita karibu nao.

Je, chaneli tupu ya televisheni ingewaokoa? Hapa lazima tuwe wakweli. Peke yake, hapana. Vyombo vya majini vina masafa yao tangu zamani: chaneli 16, megahezi 156.8, ndiyo njia ya dharura ya dunia nzima. Tena chaneli hiyo imekaa katikati ya viwanja viwili vya televisheni, kimoja chini yake, megahezi 47 hadi 68, na kingine juu yake, kuanzia megahezi 174. Jirani wa chini hayupo, jirani wa juu hayupo, na kwa mvuvi wa dagaa hata hiyo chaneli 16 yenyewe ilikuwa kama haipo. Mtumbwi wake ulikuwa na karabai, wavu na kasia, hauna chombo cha kusemea. Na hata angekuwa nacho, nani yuko macho ufukweni saa tisa za usiku akimsikiliza?

Ili uone vizuri ugonjwa wetu, mtazame mwenye ugonjwa wa kinyume. Marekani hewa ilijaa mapema. Magari ya polisi, zimamoto na hata teksi yakawa yanagombania njia za kusemea huku chaneli kadhaa za televisheni za UHF zimekaa bila kituo. Mwaka 1970 mamlaka yao ya mawasiliano, FCC, iliamua kwamba katika baadhi ya miji mikubwa, chaneli za 14 hadi 20 zishirikiwe na simu za upepo. Mwaka 1997 sheria ikaongeza megahezi 24 kutoka chaneli za juu za televisheni kwa ajili ya polisi na zimamoto. Lakini wenye vituo walikuwa hawajahama, na sheria haikuwasukuma haraka. Tarehe 11 Septemba 2001 minara miwili ya New York ikaanguka, na ikaonekana wazi kwamba polisi na zimamoto waliokuwa pale hawakuwa wakisikilizana ipasavyo. Ndipo Bunge lao likaweka tarehe ya kuzima analojia, na baada ya kusogezwa, ikazimwa tarehe 12 Juni 2009. Mwaka 2012 wakaanzisha mtandao maalumu wa waokoaji wa nchi nzima, unaoitwa FirstNet.

Unaona tofauti? Wamarekani walikuwa na masikio kila kona: vituo vya polisi, watu wa zamu, namba moja ya dharura. Walichokosa ni hewa. Sisi Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zaidi ya 68,000 na karibu nusu yake likiwa letu, tulikuwa na hewa ya kumwaga. Tulichokosa ni masikio. Kwa hiyo anayetaka kuchukua dawa yao na kutunywesha sisi vilevile bila kupima, atakuwa kama yule anayekupa miwani wakati unaumwa jino.

Lakini hadithi haikuishia kwenye analojia. Mwaka 2006, huko huko Geneva, nchi zilikubaliana kuhamia dijitali, ambayo hubeba vipindi vingi katika chaneli moja. Tanzania ilikuwa mbele: mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Mwanza zamu yake ikawa mwishoni mwa Februari 2013. Wengi wanaukumbuka mwaka ule kwa kelele za ving'amuzi: chogo la nyumbani limekuwa giza na hela ya king'amuzi hakuna. Katika kelele hizo jambo kubwa likapita kimyakimya. Hewa iliyokuwa imeshikwa na analojia ilikuwa inaachwa wazi, tena ile nzuri, ya karibu na megahezi 700, ambayo huenda mbali kuliko masafa ya juu na kuhitaji minara michache. Kwa ziwa pana lenye visiwa, hiyo ni lulu.

Mwaka 2015 mkutano wa dunia wa masafa ulizihimiza nchi zitumie sehemu ya megahezi 694 hadi 894 kwa mawasiliano ya waokoaji. Katikati ya mwaka 2018, TCRA ilipiga mnada masafa ya megahezi 700, na Vodacom na Azam Telecom wakashinda. Si dhambi kuuza; intaneti nayo ni haja ya watu. Ila Septemba 20 ya mwaka huohuo, kivuko cha MV Nyerere kilichotoka Bugorora kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache kufika Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Giza lilipoingia uokoaji ukasimama hadi asubuhi.

Sisemi mnada ulizamisha kivuko. Aliyekizamisha ni uzito, kama ilivyokuwa mwaka 1996. Ninachosema ni kwamba miaka 22 ilipita kati ya ajali hizo mbili, na katika miaka hiyo tuligawa hewa mara kadhaa: kwa vituo vya televisheni, kwa ving'amuzi, kwa simu. Swali la nani anamsikiliza mtu wa majini likawa linaachwa kwa baadaye.

Wapo waliojaribu. Mwaka 2008 kampuni ya Zain, pamoja na Ericsson na chama cha makampuni ya simu duniani, walianza mpango wa kuelekeza mawimbi ya minara ziwani, kilomita 20 hivi kutoka ufukweni, ili mvuvi aweze kupiga simu. Mwaka 2013 majaribio ya kutumia nafasi tupu za televisheni yalianza Laikipia kule Kenya, na mengine yakatangazwa Dar es Salaam. Hayo yalikuwa ya intaneti. Kifaa huuliza kwanza kwenye orodha ya vituo: hapa nilipo, chaneli gani haina mtu? Kikipewa, hukaa kwa adabu ya mgeni, na mwenye nyumba akirudi hutoka. Kwa mwanafunzi anayesoma barua pepe si noma. Kwa nahodha anayezama, ugeni huo haufai. Mwokoaji hawezi kuishi kwa nafasi za kuazima, lazima awe na chumba chake, chenye mlango usiofungwa.

Siku hizi kuna mradi wa Tanzania na Uganda, kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, wa mawasiliano na uokoaji Ziwa Victoria, na Mwanza imepewa kituo cha kuratibu. Ni hatua kubwa, na vijana wa hapa tuifuatilie kwa macho makali. Tusiulize minara mingapi imesimama tu. Tuulize zamu ya usiku ina watu wangapi, boti ina mafuta, na mvuvi wa Ukerewe anajua aseme wapi na kwa lugha gani.

Na sisi tunaoshika kalamu tuna kazi. Tunapenda kuandika mashairi ya msiba wa MV Bukoba, na ni haki yetu kulia. Lakini kilio kikiisha tuandike pia habari kavu: hati za masafa, mnada, bajeti ya doria. Humo ndimo inamoamuliwa nani atasikika.

Maana simu ya upepo si ya kuitia msaada tu. Ni ya kuhesabia pia. Bandari ya Bukoba imwambie mtu wa Kemondo abiria ni wangapi, Kemondo imwambie Mwanza, na mtu wa Mwanza awe na mamlaka ya kusema: hapana, hiyo meli isiondoke. Kwa kazi hiyo, njia moja tu kati ya zile 640 ingetosha.