Mshale na Mkono: Pentax K1000 na Kuendelea kwa Kamera Sahili ya Filamu, 1976–1997

Mwaka 1976 kampuni mbili za Japani zilileta sokoni kamera za filamu ya milimita 35 zilizoelekea pande tofauti. Canon ilitoa AE-1, kamera ya kwanza ya lenzi moja yenye kioo cha kuakisi kuendeshwa na kichakataji cha kielektroniki. Asahi Optical, waundaji wa Pentax, walitoa K1000, ambayo haikuwa na jambo lolote jipya. AE-1 iliuzwa kwa mamilioni, kisha ikaacha kuundwa mwaka 1984. K1000 iliendelea kuundwa hadi 1997. Makala haya yanachunguza sababu za kamera iliyopitwa na wakati tangu siku ya kuzaliwa kwake kuishi miaka 21, na yanadai kwamba maelezo yaliyozoeleka, yaani unafuu wa bei na mapenzi ya mambo ya kale, hayatoshi. Hoja ya mapenzi ya kale ni dhaifu zaidi: mwanafunzi wa mwaka 1980 hakuwa na cha kale cha kukitamani.

K1000 ilizaliwa kwa kupunguza. Mwaka 1975 Pentax iliachana na lenzi za kukaza kwa hesi zilizotumika katika Spotmatic, ikaanzisha kifungio kipya cha lenzi pamoja na kamera za K2, KX na KM. K1000 ni KM iliyoondolewa kipima-muda cha mpigapicha kujipiga mwenyewe, na kitufe cha kuonea mapema sehemu ya picha itakayokuwa wazi. Kilichobaki ni kidogo: shata ya kitambaa inayosukumwa na springi, yenye kasi za kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000, pete ya tundu la lenzi, pete ya kulenga, mkono wa kusogeza filamu, na mshale mdogo ndani ya kitundu cha kutazamia. Mshale ukipanda, mwanga umezidi, ukishuka, umepungua, ukikaa katikati, mizani imetimia. Betri moja ndogo ya volti 1.5 ilikuwa na kazi ya kuusogeza mshale huo tu. Hata swichi ya kuuzima haikuwapo; mtumiaji alitakiwa kuifunika lenzi ili betri isiishe.

AE-1, kwa upande wake, ilimwachia mpigapicha achague kasi ya shata, nayo ikachagua tundu la lenzi. Shata yake ilidhibitiwa na umeme wa betri ya volti 6, na betri hiyo ikifa, kamera nzima ilikufa nayo. Hapa kuna kinaya kisichotajwa vya kutosha. Kielektroniki hakikuifanya kamera kuwa ghali. Kiliirahisisha kiwandani, kwa kuwa saketi zilichukua nafasi ya giya na vipande vingi vilivyohitaji kuunganishwa kwa mikono ya mafundi. Uotomatiki ulikuwa manufaa ya kiwanda kabla haujawa manufaa ya mpigapicha.

Sababu nzito zaidi ya kudumu kwa K1000 inapatikana katika suala la kosa. Kipima-mwanga cha kamera hizi zote mbili hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa na weupe wa wastani. Bwana harusi aliyevaa kanzu, akiwa amesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, hutoka katika filamu akiwa wa kijivu. Mshale wa K1000 hudanganyika sawasawa na kichakataji cha AE-1, kwa hiyo si kweli kwamba kamera ya mkono hupima vizuri zaidi. Tofauti ni kwamba katika K1000 kulikuwa na mkono ulioutii mshale. Mwalimu aliweza kuuliza kasi ilikuwa ngapi, tundu lilikuwa namba gani, na jibu lilikuwepo, kwa sababu mwanafunzi alizizungusha pete mwenyewe. Katika picha iliyofuata angefungua tundu hatua moja zaidi, mshale ukipanda aachwe upande, na kanzu ingerudi kuwa nyeupe. Mtumiaji wa AE-1 angeweza kufanya hivyo pia. Lakini hakulazimika, na asiyelazimika mara nyingi hajui kwamba kulikuwa na uamuzi wa kufanywa.

Kiswahili kinaliona jambo hili vizuri. Katika lugha hii picha hupigwa, na mpigaji ni mtu. Anayesema kwamba picha imejipiga huwa anajivua lawama. Neno hilo hilo lingeweza kueleza, bila mzaha, kilichotokea ndani ya kamera za miaka ya 1980.

Ndiyo maana ngome ya K1000 ilikuwa madarasa ya upigaji picha, hasa nchini Marekani, ambako ilizoeleka kuwa kamera ya mwanafunzi. Wapigapicha wa michezo na wa habari walikuwa na mahitaji mengine, na baada ya Minolta kutoa kamera ya 7000 inayojilenga yenyewe mwaka 1985, wengi waliufuata mkondo huo kwa sababu za haki kabisa. Mpira hausubiri pete izungushwe.

Mapenzi ya watumiaji, hata hivyo, hayakuizuia kamera yenyewe kubadilika. Uundaji ulihama kutoka Japani kwenda Hong Kong mwaka 1978, kisha China mwaka 1990, na katika matoleo ya mwisho plastiki ilichukua nafasi ya sehemu ya chuma. Zaidi ya kamera milioni tatu zilikuwa zimeundwa kufikia 1997. Mrithi wake, MZ-M, ilibaki na kulenga kwa mkono, lakini shata na usogezaji wa filamu vilihitaji betri. Pentax, ambayo sasa ni mali ya Ricoh, iliporudi kwenye filamu mwaka 2024 kwa kamera iitwayo 17, iliurudisha mkono wa kusogeza filamu na ulengaji wa kukadiria umbali. Kipimo cha mwanga kiliachiwa mashine, na bila betri shata yake haifunguki.