Anga Juu ya Kyavinyonge: Historia Fupi ya Upimaji wa Ionosfia katika Kongo ya Mashariki

Utangulizi

Kyavinyonge ni kijiji cha wavuvi kilichoko kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Edward, karibu na Ishango, pale ambapo mto Semliki unatoka ziwani. Mstari wa Ikweta unapita kaskazini kidogo ya kijiji hicho. Wanahistoria wanaijua Ishango kwa sababu ya mfupa wenye chanjo uliofukuliwa na Jean de Heinzelin mwaka 1950, ambao baadhi yao wameuona kuwa ushahidi wa hesabu za kale. Katika makala haya tunakusudia kuinua macho kutoka ardhini na kuchunguza historia ya anga lililo juu ya eneo hilo. Hoja yetu ni kwamba anga hilo lilipimwa kwa makini na wageni, tena likatumiwa kwa ustadi na wenyeji, lakini elimu hizo mbili hazikukutana. Na lugha ni mojawapo ya sababu za kutokutana huko.

Tabaka linalorudisha sauti

Mwezi Desemba 1901 Guglielmo Marconi alitangaza kwamba amepokea ishara ya redio iliyovuka bahari ya Atlantiki. Jambo hilo lilizua swali: ikiwa dunia ni mviringo, na mawimbi ya redio husafiri katika mstari ulionyooka, ishara ile ilipindaje? Mwaka 1902 Arthur Kennelly huko Marekani na Oliver Heaviside huko Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba juu angani pana tabaka linalopitisha umeme na kuyarudisha mawimbi chini. Mwaka 1924 Edward Appleton na Miles Barnett walithibitisha kuwapo kwa tabaka hilo, na mwaka uliofuata Gregory Breit na Merle Tuve walilipima kwa kurusha mapigo mafupi ya redio na kungojea mwangwi wake. Njia hiyo ya mapigo na mwangwi ndiyo mzazi wa rada.

Tabaka hilo, liitwalo ionosfia, huanza kwenye kimo cha kilomita 60 hivi na kupanda hadi mamia ya kilomita. Hufanyika pale miale ya jua inapong'oa elektroni kutoka katika chembe za hewa. Kwa hiyo hunenepa mchana na kukonda usiku. Mwaka 1946 Appleton alionyesha jambo linalotuhusu sana sisi wa Ikweta: wingi mkubwa wa elektroni hauko juu ya ikweta ya sumaku yenyewe, bali pande zake mbili, kaskazini na kusini. Katika Afrika ya Mashariki ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, karibu na Addis Ababa. Elektroni hupandishwa juu huko, kisha hutiririka kando mithili ya maji ya chemchemi. Kongo ya mashariki iko upande wa kusini wa chemchemi hiyo.

Vituo vya Lwiro na Bunia

Utawala wa Ubelgiji uliihitaji elimu hiyo kwa sababu za kiutendaji. Koloni lilikuwa kubwa, misitu mingi, na redio ilikuwa njia ya haraka ya kuunganisha miji yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mtambo wa masafa mafupi wenye nguvu ya kilowati 50 ulijengwa Léopoldville, nao ukaanza mwaka 1943 kurusha matangazo hadi Ubelgiji iliyokuwa chini ya Wajerumani. Sauti hizo zilifika kwa kudundishwa na ionosfia.

Mwaka 1947 iliundwa taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi kama IRSAC, na makao yake yakajengwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu. Katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ulioanza tarehe 1 Julai 1957 na kumalizika tarehe 31 Desemba 1958, ionosfia ilipimwa Lwiro na vilevile Bunia. Kyavinyonge iko kati ya vituo hivyo viwili, wala hakuna kilicho mbali nayo zaidi ya kilomita 300 kwa mstari ulionyooka.

Chombo cha kupimia hurusha mapigo wima, kuanzia mawimbi yenye mitetemo michache kwa sekunde hadi yenye mitetemo mingi. Wimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Likirudi baada ya sehemu mbili za elfu za sekunde, mtaalamu hujua kwamba limedunda kwenye kimo cha kilomita 300 hivi. Mitetemo ikizidi kiwango fulani, wimbi halirudi tena, bali hupenya na kupotea angani. Kiwango hicho ndicho kinachoonyesha wingi wa elektroni.

Takwimu za mwaka ule zilihifadhiwa katika vituo vya dunia vilivyowekwa Marekani, Muungano wa Kisovieti, Uingereza na Japani. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na katika misukosuko iliyofuata wataalamu wengi wa kigeni waliondoka. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, akapima, akaandika kwa Kifaransa, akaenda na daftari lake.

Elimu ya waendesha foni

Hata hivyo wenyeji hawakukaa bila elimu ya anga. Katika miaka ya 1980 na 1990, barabara zilipoharibika na simu za nyaya zilipokufa, wafanyabiashara wa Butembo na Beni, misheni na hospitali walitegemea mashine za foni, yaani redio za masafa mafupi za kuzungumzia. Bei ya bidhaa, habari ya mgonjwa, ya msiba na ya vita, zote zilipita huko. Maneno ya mtu wa Butembo aliyezungumza na mwenzake wa Bukavu yalipanda karibu wima, yakadunda katika anga lilelile lililopimwa kutoka Bunia na Lwiro, kisha yakashuka.

Mwendesha foni mzoefu alijua kwamba mkondo unaofaa mchana haufai alfajiri, na kwamba baada ya jua kutua sauti huweza kutetemeka na kufifia. Mwanafizikia angemweleza kwamba alfajiri elektroni zimepungua, hivyo mawimbi ya mitetemo mingi hupenya. Na kwamba jioni, katika nchi za Ikweta, tabaka la juu hupanda na kutobokatoboka mapovu. Wote wawili walizungumzia jambo moja, lakini hawakuwa na msamiati mmoja.

Mitambo mikubwa na uvumi

Wakati huohuo upimaji ulisonga mbele kwingineko. Mwaka 1958 William Gordon alipendekeza rada yenye nguvu kiasi cha kuweza kupokea mwangwi hafifu wa elektroni zenyewe. Rada za namna hiyo zilijengwa Jicamarca, Peru, na Arecibo, Puerto Rico. Hiyo ya pili ilifunguliwa mwaka 1963 na kuporomoka tarehe 1 Desemba 2020. Katika pwani yetu, Waitalia walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 26 Aprili 1967, ili kupima uzito wa hewa ya juu kwenye Ikweta. Huko Alaska mtambo wa HAARP, uliokamilika mwaka 2007 ukiwa na antena 180 na nguvu ya kilowati 3,600, hupasha joto sehemu ndogo ya ionosfia ili ichunguzwe.

Mtambo huo wa mwisho umezushiwa mengi, hata kwamba unaleta mafuriko na matetemeko ya ardhi. Lakini mvua hutengenezwa chini ya kilomita 20, ilhali nishati ya mawimbi hayo humezwa juu sana ya hapo. Maelezo haya si magumu. Ugumu ni kwamba msomaji wa Kiswahili hukutana na uvumi kwa lugha yake, na maelezo kwa lugha ya wengine.

Hitimisho

Simu za mkononi zilizoenea baada ya mwaka 2000 zimepunguza kazi ya foni, lakini hazikuliondoa anga katika maisha yetu. Mapovu yaleyale ya jioni huvuruga ishara za setilaiti ambazo ndege na wapima ardhi huzitegemea. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Kazi iliyobaki ni kukusanya maneno na maarifa ya waendesha foni wangali hai, na kuyaweka kando ya takwimu za Lwiro na Bunia. Hapo ndipo mtoto wa Kyavinyonge ataweza kusoma, kwa lugha anayoisikia sokoni, habari za anga lililo juu ya mtumbwi wa baba yake.