"Dare": Kitenzi cha Ujasiri Kinachopenda Ukanushi

Kila aliyesoma Kiingereza shuleni anaijua kanuni hii: nafsi ya tatu umoja, wakati uliopo, kitenzi hupachikwa "s" mwishoni. Kisha anafungua riwaya ya zamani na kukuta "he dare not speak", pasipo "s" wala "to", anadhani mchapaji amekosea. Hajakosea. Msomaji amekutana na umbo lenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja.

Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kitenzi cha kuthubutu kilikuwa "durran", na wakati uliopita wake "dorste", ambao baadaye ukawa "durst". Ni wa ukoo mmoja na "can", "may" na "shall", vitenzi ambavyo wakati uliopo wake ulichongwa kutokana na umbo la wakati uliopita. Ndiyo maana hakuna asemaye "he cans". Shina lake lina ndugu hata katika Kiyunani cha kale, ambako "tharsos" ni ujasiri.

Karne ya 16 ilileta mageuzi. Watu walianza kukinyambua kama vitenzi vya kawaida, wakasema "dares" na "dared", na kikapata maana nyingine: kumchokoza mwenzako afanye jambo la hatari. Shakespeare aliandika katikati ya mageuzi hayo. Katika Macbeth, tamthilia ya mwaka 1606 hivi, mke anamsukuma mumewe amuue mfalme, na ugomvi wao unazunguka kitenzi hiki. Mke anapima uanaume kwa kuthubutu lolote. Mume anashikilia kwamba upo mpaka, na anayeuvuka amepoteza uanaume wenyewe. Mume alikuwa na hoja nzito. Msiba ni kwamba aliiacha usiku uleule.

Jambo linalonigusa zaidi ni makazi ya lile umbo kongwe. Leo linaishi hasa katika ukanushi na maswali: "he dare not go", "dare he go?" Mtu akithubutu kweli, Kiingereza humvika umbo jipya, "he dares to go". Kwa hiyo sarufi ya kale ya ujasiri imebaki kusimulia waliorudi nyuma. Hata Biblia ya King James ya mwaka 1611, inapoeleza katika Mathayo 22 jinsi Mafarisayo walivyoacha kumuuliza Yesu maswali, hutumia "durst" kwa kukanusha. Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, iliweka hapo kuthubutu, nako ni kwa kukanusha.

Ilikuwapo pia "dare" nyingine, isiyo na undugu na hii, iliyomaanisha kujibanza kimya kwa hofu. Wawindaji wa Uingereza waliwaduwaza vipozamataza kwa vioo vinavyometameta, au kwa kumrusha mwewe juu yao, ndege wakaganda ardhini hadi wakafunikwa wavu. Kazi hiyo iliitwa "daring larks". Sauti moja ilibeba ushujaa na woga pamoja, na wasemaji waliishi nayo hivyo kwa karne kadhaa.

Matumizi ya fahari nayo yapo. SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza kilichoanzishwa na David Stirling huko Afrika Kaskazini mwaka 1941, kilijichagulia kaulimbiu "Who Dares Wins": athubutuye hushinda. Lakini tarehe 23 Septemba 2019, mwanaharakati wa mazingira Greta Thunberg alipowakemea viongozi wa dunia mjini New York kwa maneno "How dare you", hakuwa akiusifu ujasiri wao. Kuthubutu hapo ni ufidhuli, kama sisi tunavyofoka, "Unathubutuje!"

Kuthubutu kwetu kumetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kusimama imara, uleule uliotupa kuthibitisha. Nako kumeelekea kwenye ukanushi: mtu akisema "Thubutu!" peke yake, anamaanisha haiwezekani kabisa. Ndiyo sababu kaulimbiu ya miaka 50 ya Uhuru wa Tanzania Bara, mwaka 2011, ilinifurahisha: "Tumethubutu, tumeweza na tunazidi kusonga mbele." Kitenzi kimesimama bila ukanushi wala swali, tena kimetangulia kuweza.