Betri ya mtiririko na betri ya lithiamu

Betri ya mtiririko ni betri inayohifadhi umeme katika vimiminika viwili vya kemikali, vinavyokaa katika matangi na kusukumwa kwa pampu hadi kwenye seli. Aina ya vanadi ilibuniwa na Maria Skyllas-Kazacos na wenzake huko New South Wales, Australia, miaka ya 1980. Matangi yakiongezwa, umeme unaohifadhiwa huongezeka bila kugusa seli. Vimiminika vyake, ambavyo sehemu kubwa ni maji, havishiki moto. Hasara zake ni ukubwa, bei, na pampu zinazokula sehemu ya umeme uleule: hurudisha takriban asilimia 70 ya umeme ulioingizwa, ilhali betri ya lithiamu (lithiamu-ioni), iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, hurudisha zaidi ya asilimia 90. Betri ya lithiamu hutundikwa ukutani kando ya inveta, jambo linalofaa viwanja vidogo kama vya Kwa Mrombo, Arusha. Off Grid Electric, kampuni iliyoanzia jijini humo na baadaye kuitwa Zola Electric, ilisambaza mitambo midogo ya sola yenye betri za aina hiyo. Betri ya mtiririko hutumika zaidi katika vituo vikubwa, kikiwemo cha Dalian, China, kilichozinduliwa mwaka 2022.